Spika za Quiterajo: Chumvi, mchanga na jenereta ndio maadui

Na Mwandishi Maalumu, Cabo Delgado

KATIKA pwani ya kaskazini mwa Msumbiji, harusi isiyosikika kijiji cha pili huhesabiwa kuwa harusi ya wachoyo. Ndivyo tulivyo sisi watu wa Quiterajo, tarafa ya wilaya ya Macomia iliyo karibu na mdomo wa mto Messalo, ambao wazee wetu huuita Msalu. Tufo ya kina mama inataka spika. Maulidi yanataka spika. Mkutano wa chifu wa posto unataka spika, na mechi ya shule nayo, hata kama wachezaji wenyewe hawana viatu, inataka mtu wa kuitangaza kwa spika.

Watu wa ng'ambo ya Ruvuma wanasema spika. Sisi huku, kwa kuwa Mreno alikaa nasi muda mrefu, tunasema koluna. Mimi natumia yote mawili, maana nilisoma mkoani Mtwara, ambako wazazi wangu walikimbilia wakati wa vita vya miaka 16, na sasa nafundisha sayansi kwa Kireno katika nchi niliyozaliwa. Umeme niliofundishwa kwa Kiswahili ndio ninaoutumia kila ninapoitwa kuja kutazama kwa nini koluna za fulani zimenyamaza katikati ya harusi.

Nimeitwa mara nyingi. Na mara nyingi zaidi nimekuta kwamba kilichoharibika kingeweza kuokolewa kwa waya mnene zaidi, kwa gunia la mchanga, au kwa mtu mmoja tu wa kukaa karibu na amplifaya na kukataa kuongeza sauti. Ndiyo maana naandika makala haya kwa ajili ya wenzangu waliorudi, na kwa wafanyabiashara wanaovuka mpaka na mizigo hii.

Mtaji unaobebeka

Msomaji anaweza kuuliza: watu waliopoteza nyumba wanashughulika na muziki wa nini? Swali hilo nimelisikia kwa watu wa misaada pia. Jibu lipo katika historia yetu ya karibuni.

Tarehe 5 Oktoba, 2017 vita vilianzia Mocímboa da Praia, kaskazini yetu. Tarehe 25 Aprili, 2019 kimbunga Kenneth kikatua katika pwani hii hii, kikiwa na upepo uliozidi kilomita 200 kwa saa, kikaua watu zaidi ya 40 nchini na kulaza mapaa na minazi chini. Mwaka uliofuata, 2020, vita vikafika kwa nguvu pwani ya Macomia na watu wakakimbia kwa mashua na kwa miguu. Ilipofika mwishoni mwa 2022 Umoja wa Mataifa ulikuwa ukihesabu zaidi ya watu milioni 1 waliokuwa wameyahama makazi yao kwa sababu ya vita hivyo. Katika pwani yetu wapo waliorudi na kuondoka tena zaidi ya mara moja, na wapo ambao bado wako Pemba, Macomia mjini na visiwani wakisikilizia.

Mtu aliyeona nyumba yake ikiondoka mara mbili, mara ya kwanza kwa upepo na mara ya pili kwa moto, hufikiri tofauti kuhusu mali. Hataki tena kuweka kila alichonacho kwenye saruji. Anataka mtaji ambao akiambiwa saa nane usiku "twendeni", unaingia kwenye mashua. Cherehani ni mtaji wa namna hiyo. Mashine ya boti ni mtaji wa namna hiyo. Na spika mbili, amplifaya moja, mikisa na jenereta ndogo ni mtaji wa namna hiyo, kwani kila kijiji unachofikia, hata kambi ya waliohama, kuna mtu anaoa na kuna mtu anataka kutangaza biashara.

Najua kikundi kimoja cha kina mama wa tufo ambao walichangishana mpaka wakanunua seti yao wenyewe. Zamani walikuwa wakikodi kwa mwanaume mmoja aliyechukua sehemu kubwa ya fedha ya shughuli. Sasa wao ndio wanaokodisha. Fedha ya spika ndiyo inayonunua madaftari ya wajukuu. Spika moja ikiungua kwao, mtoto mmoja hakai darasani. Kwa hiyo ninapozungumzia omu na wati, ndugu msomaji, ninazungumzia madaftari.

Kabla ya kuvuka Ruvuma

Bidhaa nyingi tunazoziona huku zinatoka Kariakoo, Dar es Salaam. Zinashuka mpaka Mtwara, kisha zinavuka Kilambo kwenda Namoto, au zinazunguka kwa Daraja la Umoja la Mtambaswala lililofunguliwa mwaka 2010, na nyingine zinakuja kwa bahari. Mfanyabiashara anayezileta anatakiwa kujua anachonunua, maana huku Quiterajo hakuna duka la kurudishia.

Jambo la kwanza ni wati za uongo. Utaona boksi lenye spika ya ukubwa wa ndoo limeandikwa wati 5,000, na pembeni, kwa herufi ndogo, PMPO. Herufi hizo nne hazina kipimo kinachokubaliwa popote. Kila kiwanda hujipangia chake. Wati za kweli ni zile za kudumu, ambazo huandikwa RMS. Kama hazikuandikwa, geuza boksi nyuma usome kiasi cha umeme kinachotumiwa na chombo chenyewe. Chombo kinachokula wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 5,000 za sauti. Ng'ombe hatoi maziwa mengi kuliko maji aliyokunywa na majani aliyokula.

La pili ni uzito na sauti ya kidole. Spika ya shughuli huwa na sumaku ya maana, isipokuwa zile za kisasa za sumaku ya neodimiamu ambazo ni nyepesi kwa haki na bei yake ni kubwa. Spika nyepesi ya bei ndogo ni boksi la hewa. Bonyeza kati ya koni taratibu kwa vidole vya mikono yote miwili, ukisukuma sawasawa. Inatakiwa iingie na kurudi kimya. Ukisikia mkwaruzo, koili imegusa chuma, na hiyo spika ni mgonjwa hata kama imefungwa nailoni mpya.

La tatu ni risiti na namba za chombo. Andika namba zilizoko nyuma ya kila spika kwenye daftari, na picha uweke kwenye simu. Forodha watakuuliza, na siku ya kukimbia na kurudi, namba hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba spika iliyokutwa kwa mtu mwingine ni yako.

La nne ni plagi, na hili linawasumbua sana wanaovuka. Tanzania inatumia plagi ya miguu mitatu ya bapa. Msumbiji tunatumia miguu ya duara, ama miwili ya Kizungu cha Ulaya ama mitatu minene ya Afrika Kusini. Umeme wenyewe ni karibu sawa, volti 230 kule na 220 huku, kwa hiyo chombo hakidhuriki kwa kuvuka. Kinachodhuru ni watu kuvunja mguu wa tatu ili plagi iingie. Mguu ule ni waya wa ardhi. Nimewaona pia mafundi wanaoukata kwa makusudi ili kuondoa mvumo kwenye spika. Mvumo unaondoka kweli, lakini siku amplifaya ikipata hitilafu, umeme wote unakuwa kwenye bati lake na kwenye maiki aliyoshika bibi harusi. Badilisha plagi nzima, unganisha nyaya zote tatu, na mvumo utafute kwingine: mara nyingi waya wa maiki umelala sambamba na waya wa umeme. Vitenganishe, au kama lazima vikutane, vikatane kama msalaba.

Jenereta ndiyo moyo

Sehemu kubwa ya shughuli za vijijini kwetu huendeshwa kwa jenereta. Jenereta ndogo inapozidiwa, volti hupanda na kushuka kama pumzi ya mtu mwenye pumu. Amplifaya hula hiyo pumzi.

Kanuni ninazowafundisha vijana ni chache. Washa jenereta kwanza bila mzigo wowote, iache itulie dakika chache, ndipo uunganishe vyombo. Usiipe zaidi ya robo tatu ya uwezo wake, na friji ya soda isikae kwenye jenereta moja na muziki, maana kila inapoamka, taa zinazimika nusu na amplifaya inashtuka. Weka stabilaiza kati ya jenereta na vyombo. Halafu, jambo linalosahaulika, usiache mafuta yaishe muziki ukiwa unapiga. Jenereta inayokufa haikati umeme mara moja. Inakohoa, na kila kikohozi ni volti isiyoeleweka. Zima vyombo, zima jenereta, ipoe, jaza, anza upya. Wacheza ngoma watanung'unika dakika kumi. Afadhali manung'uniko kuliko msiba.

Na isikae ndani ya nyumba wala kibanda kilichozibwa. Moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua waliolala.

Hesabu ya omu

Nyuma ya kila spika kuna namba ya omu, mara nyingi 8. Huo ni ukinzani wa spika dhidi ya umeme. Ukiunganisha spika mbili za omu 8 sambamba kwenye mdomo mmoja wa amplifaya, zinakuwa omu 4. Nne zinakuwa omu 2. Amplifaya nyingi zinaweza kufanya kazi kwa omu 4. Nyingi haziwezi omu 2. Vijana huona nafasi ya kuchomeka bado ipo nyuma ya spika ya pili, wakachomeka ya tatu na ya nne wakidhani sauti inaongezeka bure. Sauti inaongezeka, kisha kunanukia, kisha kunakuwa kimya.

Soma nyuma ya amplifaya kiwango cha chini cha omu inachokubali, ufanye hesabu kabla ya kuchomeka. Watoto wangu wa darasa la saba wanaiweza. DJ mtu mzima asishindwe.

Waya nao una hesabu yake. Tuseme spika ziko mita 20 kutoka kwenye amplifaya, na mzigo ni omu 4. Ukitumia waya wa shaba mwembamba wa milimita mraba 0.75, ule wa taa ya mezani, karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu yote inaishia kupasha joto waya. Ukitumia wa milimita mraba 2.5, inayopotea ni chini ya sehemu moja kati ya kumi. Mtu ananunua amplifaya kubwa kwa fedha nyingi halafu analisha mchanga. Na usitumie waya wa maiki au wa gitaa kupeleka sauti kwenye spika. Ndani yake nyuzi ni nyembamba mno.

Spika za honi, zile za misikitini na za mikutano, zina habari yao. Nyingi zake huunganishwa kwa mfumo wa volti 100: kila honi ina transfoma ndogo yenye vituo vya wati, labda 10, 20 au 30. Hapo hatuhesabu omu, tunajumlisha wati, na jumla isizidi uwezo wa amplifaya. Honi ina faida kubwa ya kufika mbali kwa nguvu ndogo. Ndiyo maana vijana wa mchiriku wa Dar es Salaam waliweza kuitikisa mitaa yao kwa kinanda kidogo, betri ya gari na honi kuukuu. Lakini kamwe usichukue mdomo wa volti 100 ukauchomeka kwenye spika ya kawaida ya harusi. Utaiua kwa sekunde.

Nani anaunguza spika?

Ukimuuliza mwenye spika iliyoungua, atakwambia amplifaya ilikuwa kubwa mno. Mara nyingi ukweli ni kinyume. Amplifaya ilikuwa ndogo, na watu wakailazimisha.

Sauti ni wimbi lenye kilele na bonde. Amplifaya inapofika mwisho wa uwezo wake, haiwezi kupandisha kilele zaidi, kwa hiyo inakikata kikawa bapa kama paa la nyumba ya tembe. Hapo taa nyekundu ya klipu huwaka. Wimbi lililokatwa hubeba nguvu nyingi kuliko lile laini. Amplifaya ya wati 300 iliyolazimishwa hivyo inaweza kukaribia kutoa wati 600, na sehemu ya ziada hiyo inaelekea kwenye twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu ambacho ndicho dhaifu kuliko vyote. Ndiyo maana baada ya harusi unakuta besi zipo lakini maneno hayasikiki.

Dawa yake ni tatu. Kwanza, nunua amplifaya ambayo wati zake za kudumu zinafikia za spika au kuzizidi. Wataalamu wengi hushauri mara 1.5 hadi 2, kwa sharti kwamba anayeiendesha ana adabu. Pili, kama mikisa au krosova yako ina limita, iweke na uifungie. Tatu, toa ruhusa taa nyekundu imetemete mara moja moja kwenye pigo la ngoma, lakini ikiwaka mfululizo, punguza. Besi za chini kabisa, ambazo spika ya inchi 12 haiwezi kuzitoa, zikate kwenye mikisa. Zinatingisha koni bure bila kusikika.

Mpangilio wa kuwasha nao ni ulinzi. Kuwasha: mikisa na vyombo vidogo kwanza, amplifaya mwisho. Kuzima: amplifaya kwanza, mengine baadaye. Ukigeuza, ule mshindo wa "puu" unaousikia ni koni imerushwa mpaka mwisho wa njia yake.

Kujua hesabu moja zaidi kutapunguza ugomvi na DJ. Kuongeza amplifaya mara mbili kwa wati kunaongeza desibeli 3 tu, kiasi ambacho sikio linakitambua kwa shida. Anayetaka kusikika mbali aongeze spika na kuzipanga vizuri, asibane kitufe.

Kuzipanga uwanjani

Quiterajo tunacheza nje, juu ya mchanga. Spika iliyowekwa chini inawasikilizisha watu wa mbele magoti yao, na wa nyuma hawapati kitu, kwa kuwa miili ya watu hunyonya sauti za juu. Inua twita ipite vichwa vya waliosimama, kisha elekeza uso wa spika chini kidogo, kwenye watu wa katikati. Sabufa ibaki chini. Besi haina haja ya kupanda.

Stendi ya miguu mitatu haisimami kwenye mchanga. Tandika mbao au mlango wa zamani chini ya miguu, ipanue mpaka mwisho, na uweke kiroba cha mchanga juu ya kila mguu. Kaskazi ikivuma, funga kamba kutoka kwenye spika kwenda kwenye mti au mambo za chuma. Spika ya kilo 20 ikianguka kutoka urefu wa mtu mzima haiulizi mtoto wa nani.

Maiki ikae nyuma ya spika, isizitazame. Ule mlio wa filimbi unaotoboa masikio unatokea kwa sababu maiki inasikia spika, inaipelekea amplifaya, nayo inairudisha. Mlio huo pia huunguza twita. Mpe anayeshika maiki maelezo kabla: asiizibe kichwa kwa kiganja, na asitembee nayo mbele ya spika.

Halafu masikio. Katika uwanja wa wazi, sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidi mara mbili. Spika inayotoa desibeli 120 kwa mita 1 itakuwa 114 kwa mita 2, 102 kwa mita 8, na 90 kwa mita 32. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilitoa mwongozo wa kumbi za burudani usemao wastani usizidi desibeli 100. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini Marekani kinampa mtu dakika 15 tu kwa siku kwenye desibeli 100, na kwenye 114 ni chini ya dakika 1. Sasa tazama harusi zetu: watoto ndio wanaokaa mita 2 mbele ya spika, kwa saa sita. Mimi nawapata Jumatatu darasani wakiniuliza "nini, mwalimu?" Chora mstari kwenye mchanga, mita 8, na mweke mzee mmoja mwenye fimbo aulinde. Mstari huo utalinda pia nyaya zisikanyagwe.

Chumvi, mchanga na nyigu

Hapa ndipo pwani inapotofautiana na Kariakoo. Upepo wa bahari umebeba chumvi, na chumvi hukaa kwenye kila chuma na kuvuta unyevu. Kila baada ya shughuli, pangusa spika kwa kitambaa kilicholoweshwa maji baridi na kukamuliwa, kisha kikavu. Viungo vya nyaya vichomoe na kuvisafisha kwa spiriti. Usiviache vimechomekwa mwezi mzima, vitashikana kwa kutu ya kijani.

Mchanga mwembamba ukiingia kati ya koili na sumaku hautoki. Shona kitambaa chepesi kama chandarua nyuma ya wavu wa mbele wa spika. Usiweke kitambaa kizito, utaua sauti. Tundu la besi lizibe kwa sponji spika ikiwa stoo, kwa sababu nyigu wa udongo wanalipenda kuliko ukuta wowote, na panya nao hawako nyuma. Ila sponji itolewe kabla ya kupiga. Funga utepe mwekundu juu yake ili usisahau.

Jua pia ni adui. Spika nyeusi iliyoachwa juani mchana kutwa hulegeza gundi inayoshika koni. Zipange kivulini. Turubai liwe karibu wakati wote, na mtu mmoja awe na kazi hiyo tu: mvua ikidondoka tone la kwanza, amplifaya inazimwa, ndipo spika zinafunikwa. Amplifaya yenyewe usiifunike ikiwa inafanya kazi, itajipika. Na ukihifadhi, funika kwa kitambaa kinachopumua; nailoni iliyobana hufungia unyevu ndani, ukaja kukuta koni ya karatasi imeota ukungu. Inua vyote juu ya mbao, shibiri moja kutoka chini.

Safari ya mashua ndiyo mtihani mkubwa. Funga kila spika kwa nailoni nzito wakati wa safari tu, uso wa koni ukitazamana na uso wa koni nyingine, katikati pawe na godoro au mkeka mnene. Usiziweke kwenye ngama, ambako maji hayakosekani. Panga magogo juu yake kwanza. Nyaya na mikisa vikae kwenye ndoo yenye kifuniko. Kama maji ya bahari yameingia, usiwashe kujaribu. Kujaribu ndiko kunakoua kilichosalia. Chomoa, fungua, suuza viungo vya chuma kwa maji baridi machache, anika kivulini siku kadhaa, na amplifaya ipeleke kwa fundi kabla haijaona umeme.

Spika zinapookoa watu

Kuna kazi moja ya spika isiyolipwa. Nchi yetu hutumia bendera za rangi kuonya juu ya kimbunga: ya buluu wakati hatari iko saa 24 hadi 48 mbele, ya njano ikiwa ndani ya saa 24, na nyekundu ikibaki saa 6 au chini ya hapo. Kamati za maafa za vijiji zimekuwa zikipewa redio, filimbi na honi za mkononi na taasisi ya taifa ya maafa, INGD. Lakini honi ya mkononi haipandi juu ya kishindo cha upepo na minazi. Honi mbili za wati 30 juu ya nguzo, betri ya gari iliyochajiwa na paneli ya jua, na mtu mwenye sauti tulivu, zinafika mbali zaidi. Msimu wa vimbunga huanza Novemba hadi Aprili. Mwenye seti ya spika akubaliane na kamati mapema: betri iwe imejaa, honi ziwe kavu, na ijulikane ni nani anayeshika maiki.

Jambo hilo linakwenda pamoja na lingine. Katika eneo lililoona vita, sauti kubwa ya usiku si jambo dogo. Inaficha mlio ambao watu wanahitaji kuusikia, na inamwambia kila aliye porini watu wamekusanyika wapi. Kabla ya shughuli, nenda kwa mkuu wa mtaa na kwa posto uombe ruhusa, na ukiambiwa mwisho ni magharibi, basi mwisho ni magharibi. Wapo vijana wanaoona hiyo ni kunyimwa furaha. Wazee waliobeba watoto mgongoni mwaka 2020 hawaoni hivyo. Kina mama wa tufo niliowataja wamehamishia ngoma yao alasiri, na wateja wao hawakupungua.

Kwa wafanyabiashara wa mpakani nina ombi. Mkileta spika, leteni pia koili na twita za akiba za aina ileile, fyuzi za ukubwa sahihi, na waya wa milimita 2.5 kwa mita. Faida yake ni ndogo kwa kipande, lakini mtu akijua kwamba kispika cha akiba kinapatikana kwako, atanunua seti nzima kwako. Na waliorudi wanunue kidogo kidogo, kwa umoja, na kila kikundi kimteue mtu mmoja wa kuendesha chombo, asiyependa sifa wala kuombwaombwa kuongeza sauti.

Mtu huyo msimchague kwa kuwa anajua nyimbo mpya. Mchagueni anayejua kusema "basi", na mumlipe kwa kusema hivyo.